Yule Aliyesusa Chakula

Samaki wangu walikuwa kumi na wawili, na balaa lote lilianza na mmoja aliyesusa chakula siku ya Jumatano.

Walikuwa Tropheus duboisi wa aina ya Maswa, wenyeji wa Ziwa Tanganyika, waliosafirishwa kutoka Kigoma hadi sebuleni kwangu Tabata ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni. Wakiwa wadogo huwa weusi tii wenye vidoa vyeupe. Wakikua vidoa hufutika, kichwa kinageuka bluu, na mshipi wa njano unajitokeza kiunoni. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani wanawapenda mno, na wote wanajua palipo na udhaifu wao: tumboni. Huyu ni samaki wa kukwangua mwani kwenye miamba kutwa nzima, na utumbo wake ni mrefu kuliko mwili wake mara kadhaa. Ukimzoesha vyakula vya nyama, au akipata msukosuko, tumbo linachafuka. Anaacha kula, anajitenga, anatoa kinyesi cheupe kama uzi, kisha anavimba. Akishavimba, mara nyingi mwenye samaki ameshachelewa.

Hayo nilikuwa nimeyasoma na kuyakariri. Kwa hiyo nilipomwona yule jike amejibanza nyuma ya jiwe, chakula kinampita puani naye anakitazama tu, sikujiuliza mara mbili. Nikasema tumbo hilo.

Nikakimbilia duka la dawa, nikanunua metronidazoli, dawa ileile ya amiba tunayomeza sisi, nikasaga vidonge nikamimina. Dawa yenyewe haina kosa. Wenye kuugua tumbo kweli hutibiwa kwayo. Alhamisi nikaongeza chumvi. Nikapandisha joto kutoka nyuzi 26 hadi 30 kwa sababu jamaa mmoja aliniambia vimelea haviwezi joto, nami nikasahau kwamba maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Jioni, nikiwa nimeshapandwa na ari ya usafi, nikatoa sponji la chujio lililokuwa na utelezi wa kahawia, nikalisugua chini ya bomba mpaka likarudi kama lilivyotoka dukani. Mke wangu akapita jikoni akasema, "Ungekuwa unaosha na vyombo hivyo!" Tukacheka.

Ijumaa asubuhi walikuwa juu wote, midomo kwenye uso wa maji, matamvua yakipiga haraka haraka. Nikaona maradhi yamesambaa. Nikaongeza vidonge.

Kuna mzee aliyezamia Kigoma miaka mingi, akiwakamatia samaki wafanyabiashara wa kusafirisha nje. Siku hizi anaishi kwa binti yake Mbagala. Nilimpigia simu asubuhi ile, akafika saa nane mchana. Saba walikuwa wameshakufa, nimewapanga kwenye sahani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wameanza mmoja mmoja au wote kwa pamoja?"

Hata kiti nilikuwa sijamkaribisha. Nikamwambia: mmoja Jumatano, waliobaki leo asubuhi kwa mkupuo.

"Basi hayo ni mambo mawili, mwanangu, wewe umeyafanya moja. Maradhi yanapita nyumba kwa nyumba. Wakipanda juu wote asubuhi moja, hayo ni maji. Jana umegusa nini?"

Nilipotaja sponji alifumba macho.

Ule utelezi wa kahawia ndio uliokuwa uhai wa tangi. Ndani yake waliishi bakteria wanaoigeuza amonia, inayotoka kwenye matamvua na kinyesi cha samaki, kuwa nitriti na mwisho naitreti isiyo na makali sana. Klorini ya bomba iliwaua. Tena mimi, kwa kuwataka samaki wajione kwao, nilikuwa nimeipandisha pH ya tangi hadi 9 kama ya ziwani. Kwenye pH 7, haifiki asilimia 1 ya amonia iliyomo majini inayokuwa katika umbo la sumu. Kwenye pH 9, maji yakiwa na joto la nyuzi 25, inapita theluthi moja. Na nyuzi zangu 30 zilizidisha.

Mzee akatoa kichupa cha kupimia, akadondosha matone. Maji yaliyotakiwa kubaki ya njano yakawa kijani cha jani la mgomba. Tukatoa nusu ya maji, tukaweka yaliyokaa siku tatu kwenye pipa bila kifuniko, tukashusha joto. Kati ya watano waliobaki, wanne walipona.

Kisha akaivuta ile sahani. "Wa Jumatano ni yupi?"

Nikamwonyesha. Akamgeuza kwa kidole.

"Kinyesi chake ulikiona?"

"Sikukitazama."

"Tumbo hili limevimba?"

Lilikuwa bapa.

"Na hapa je?"

Akanigusisha chini ya kidevu cha samaki. Palikuwa pamejaa, pamefura kama shavu la mtoto aliyeficha pipi. Akambana taratibu kwa kidole gumba, na mdomoni yakaanza kutoka mayai ya manjano, makubwa kuliko nilivyodhani, karibu punje ya mbaazi. Nikayahesabu: manane. Samaki hawa hutaga machache, na jike huyabeba mdomoni karibu mwezi mzima, hayaachii hadi vifaranga viweze kuogelea vyenyewe.

Mzee akanawa mikono. Akauliza, bila ukali, "Jumatano pale nyuma ya jiwe, taya lilikuwa limetulia au lilikuwa linachezacheza, kama mtu anayetafuna na hana kitu mdomoni?"

Nilimkumbuka vizuri. Nilikaa mbele ya kioo dakika nyingi nikimtazama.

"Alikuwa anatafuna," nikasema.