Je, Ni Halali Kuvuka Mpaka kwa Silaha ili Kuwazuia Magaidi?

Swali tunalotaka kulichungua katika makala haya ni hili: Je, nchi moja ina haki ya kupeleka jeshi lake katika nchi nyingine kwa ajili ya kupigana na magaidi? Wako wajibuo mara moja kwamba ndiyo, kwa kuwa gaidi hajui mpaka, na nyoka hupigwa popote aonekanapo. Wako pia wajibuo kwamba hapana, kwa kuwa kila nyumba ina mwenyewe, na aingiaye na bunduki hawezi kuitwa mgeni. Majibu yote mawili ni mepesi, lakini jambo lenyewe si jepesi. Damu ya wanadamu imo ndani yake, na kwetu sisi Watanzania imo pia damu ya vijana wetu wenyewe.

Ndugu msomaji, yafaa kwanza tulitazame neno hili "gaidi", maana wengi wamelitumia kama ufunguo wa kufungulia kila mlango. Mwandishi wa makala haya, ijapokuwa anafundisha mbali, ni mwenyeji wa Mngeta katika bonde la Kilombero, ambako reli ya TAZARA hupita kati ya mashamba ya mpunga. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 1,860 toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ili Zambia ipate njia ya kufikia bahari pasipo kutegemea nchi zilizotawaliwa na walowezi na makaburu. Tarehe 12 Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia waliingia ndani kabisa ya Zambia, wakalipua daraja la reli hiyo hiyo katika mto Chambeshi. Utawala ule ulikuwa umezoea kuvuka mipaka ya majirani zake kwa hoja kwamba wanawahifadhi magaidi. Na magaidi hao walikuwa ni nani? Walikuwa wapigania uhuru wa Zimbabwe. Mwezi wa Aprili 1980, miezi sita tu baadaye, nchi yao ilikuwa huru, na walioitwa magaidi wakaunda serikali.

Utawala wa makaburu wa Afrika Kusini nao ulitumia hoja hiyo hiyo. Kwa hoja hiyo uliishambulia Matola, Msumbiji, Januari 1981. Kwa hoja hiyo uliishambulia Maseru, Lesotho, Desemba 1982, wakauawa watu 42, na 12 kati yao walikuwa wenyeji wa Lesotho. Kwa hoja hiyo hiyo uliishambulia Gaborone, Botswana, Juni 1985. Lau hoja ile ingekuwa halali, basi ingekuwa halali pia kuja kuipiga Mazimbu, katika mkoa wetu wa Morogoro, ambako chama cha ANC kilikuwa na shule ya kuwasomeshea vijana wake. Ni nani miongoni mwetu angelikubali?

Basi funzo la kwanza ni kwamba jina peke yake si hati ya kuua. Lazima litazamwe tendo. Ugaidi ni kuwakusudia watu wasio na silaha, kuwaua au kuwatia hofu, ili wengine walazimike kufuata matakwa ya muuaji. Kipimo hiki hakina upendeleo. Mpigania uhuru akiwakusudia akina mama sokoni, amefanya ugaidi. Na serikali yenye bendera na bunge ikiwakusudia watu kama hao, nayo imefanya ugaidi.

Lakini tuseme kwamba tendo limethibitika, na hapana shaka kuwa ni ugaidi. Je, hapo mlango umekuwa wazi? Tutazame yaliyotupata sisi wenyewe. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani katika Dar es Salaam na Nairobi zilipigwa kwa mabomu. Dar es Salaam walikufa watu 11, na Nairobi zaidi ya 200, na wengi mno wa waliokufa walikuwa Waafrika waliokuwa katika shughuli zao za kila siku. Hakuna mwenye moyo awezaye kulitetea tendo lile. Siku 13 baadaye Marekani ilirusha makombora Afghanistan, na Sudan pia, ambako yalibomoa kiwanda cha dawa cha Al-Shifa mjini Khartoum. Ilidaiwa kwamba kiwanda kile kilihusika na silaha za sumu, lakini dai hilo halikupata kuthibitishwa mbele ya ulimwengu. Linganisha na njia ya pili iliyofuatwa katika jambo lile lile: washitakiwa walitafutwa, wakafikishwa mahakamani New York, ushahidi ukasikilizwa, na mwaka 2001 watu wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha. Mahakama ilichukua miaka mitatu lakini ilimkamata mtu kwa kosa lake. Kombora lilichukua siku 13 likabomoa kiwanda cha dawa za wagonjwa. Hasira ina haraka, nayo haki huhitaji ushahidi.

Kwa sababu hiyo watu wengine husema: basi mipaka isivukwe kamwe. Rai hii haiwezi kukubaliwa nayo, maana humwacha mnyonge mikononi mwa muuaji. Qur'an Tukufu, katika Sura Al-Hajj, inapotoa ruhusa ya kupigana, inawapa ruhusa hiyo waliodhulumiwa na kutolewa majumbani mwao, nayo inataja ulinzi wa nyumba za ibada za dini mbalimbali, wala si msikiti pekee. Na Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.), kabla hajapewa utume, alishiriki katika mapatano ya Hilf-ul-Fudhul mjini Makka, ambayo watu wake waliapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa, hata akiwa mgeni asiye na jamaa mjini. Baadaye, katika zama za Uislamu, alieleza kwamba angeitwa tena kwa mapatano yale angeitika. Basi kumsaidia jirani aliyedhulumiwa ni wajibu. Swali linalobaki ni juu ya masharti yake.

Masharti hayo tunayapata katika Sura Al-Hujurat, ambayo hufundisha la kufanya makundi mawili yanapopigana. Kwanza ni suluhu. Kundi moja likikataa na kuendelea kudhulumu, wengine wote kwa pamoja walizuie kwa nguvu. Linapoacha dhuluma, vita ikome papo hapo, na suluhu ifanywe kwa uadilifu. Ijapokuwa aya hiyo inataja waumini, kanuni yake ya haki inafaa kwa mataifa yote. Tukiitafakari, tunapata masharti matatu. Kwanza, mwamuzi asiwe mmoja mwenye hasira au tamaa, bali ombi la aliyedhulumiwa na shauri la jamii ya mataifa. Pili, nguvu itumike kwa kadiri ya kuizuia dhuluma tu, na asiye na hatia asiguswe. Tatu, vita ifuatwe na uadilifu, na mwenye kusaidia asidai nyara.

Sasa tuyapime masharti hayo kwa jambo lililo karibu nasi. Tangu Oktoba 2017, watu wenye silaha wamekuwa wakishambulia vijiji na miji ya Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Wamechinja watu, wamechoma nyumba, na mamia ya maelfu wamekimbia makwao. Oktoba 2020 walivuka mto Ruvuma na kukishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Wanafanya hayo kwa kulitaja jina la Uislamu, ilhali Qur'an Tukufu imekataza kulazimisha katika dini, na imehesabu kumwua mtu mmoja asiye na hatia kuwa ni kama kuwaua watu wote. Mwezi wa Julai 2021, kwa kukubaliwa na serikali ya Msumbiji, Rwanda ilipeleka askari wake, na jumuiya ya SADC ikapeleka kikosi chake, ambamo Tanzania ilikuwamo. Agosti mwaka huo mji wa Mocímboa da Praia ulikombolewa, na baadaye baadhi ya waliokimbia wakarudi.

Kwa sharti la kwanza, basi, hatua hiyo ilikuwa ya haki: mwenye nyumba aliita, na majirani wakaitika kwa shauri la pamoja. Lakini sharti la pili halimalizwi siku ya kuingia; askari huulizwa juu yake kila siku. Januari 2023 ilienea picha ya video iliyoonyesha watu waliovaa sare za kijeshi wakitupa maiti motoni, na SADC ikatangaza uchunguzi. Tusiseme kwamba hizo ni maiti za maadui tu. Mtukufu Mtume (s.a.w.) alikataza maiti ya adui isifanyiwe ukatili, na Khalifa wake wa kwanza, Hadhrat Abu Bakr (r.a.), aliliagiza jeshi lake lisiue wazee, wanawake na watoto, wala lisikate miti ya matunda. Sisi wa bonde la Kilombero hatuhitaji kuelezwa kwa nini hata mti wa matunda umetajwa. Katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 Wajerumani walichoma vyakula na mashamba ya kusini, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Ashindaye kwa kuangamiza shamba hajamkomboa mwenye shamba.

Sharti la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011, baada ya utekaji nyara wa watu katika ardhi yake. Iliingia kwanza kwa uamuzi wake yenyewe, na mwaka 2012 askari wake wakaunganishwa na kikosi cha Umoja wa Afrika. Baadaye yakafuata mashambulizi ya Westgate, Nairobi, Septemba 2013, ambamo watu 67 waliuawa, na ya Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, ambamo watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Hatusemi kwamba mauaji hayo yalikuwa haki; dhambi yake ni ya wauaji peke yao. Twasema tu kwamba bunduki huweza kumfukuza muuaji kijijini, lakini haiwezi kumpa kijana kazi, shule wala hakimu asiyepokea rushwa. Kaskazini ya Msumbiji ina gesi na mawe ya thamani, na wenyeji wake ni maskini. Kikosi cha SADC kiliondoka Julai 2024, na mashambulizi hayakukoma. Ikiwa askari wa kigeni watalinda gesi na kumwacha mvuvi asiye na mlinzi, msaada utakuwa umegeuka biashara.

Ndugu msomaji, pengine utasema: mambo haya ni ya marais na majenerali, sisi wakulima wa mpunga yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa askari wapelekwao huzaliwa katika vijiji kama vyetu. Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa kambini mwao Semuliki, mashariki ya Kongo, walipokuwa wakiwalinda raia wasiokuwa wa nchi yao. Kijana aliyekufa akimlinda mnyonge hakufa bure. Lakini mzazi anayemtoa mwanawe ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla hajaaga: Ni nani aliyetuita? Ni mpaka gani mmejiwekea? Na baada ya vita, ni uadilifu gani mtakaouacha? Serikali iwezayo kuyajibu maswali hayo mbele ya watu wake ina haki ya kuvuka mpaka. Isiyoweza kuyajibu ibaki nyumbani, hata kama adui anayetajwa ni mwovu kiasi gani.

Mwenyezi Mungu awalinde wote wanaoishi kwa hofu katika vijiji vya mipakani, awarudishe waliokimbia makwao, na awajalie wenye madaraka kuhukumu kwa uadilifu, hata pale wanapokuwa na hasira. Amin.