Riziki ya Ndege na Amana ya Mwenye Nyumba

Katika mawaidha wanayoyasikia watu wa Kavumu, hapa kwetu Kivu, tangu utotoni, wawe Wakristo walio wengi au Waislamu walio wachache, ni nadra kukosekana mfano wa ndege. Padri huwakumbusha waumini yale aliyoyafundisha Yesu mlimani juu ya viumbe wasiolima wala kujaza ghala, ambao Mungu hawasahau. Na shehe husimulia hadithi iliyopokewa kutoka kwa Umar bin Khattab, na kuandikwa na Tirmidhi katika kitabu chake, inayomfananisha mwenye tawakali ya kweli na ndege atokaye asubuhi tumbo tupu akarejea jioni ameshiba. Mifano hii ni ya haki, wala sina nia ya kuipunguzia thamani. Linalonisumbua ni kwamba hutolewa kwa haraka, tena mara nyingi na watu ambao hawajapata kumtazama ndege hata kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, hata msikilizaji huondoka na dhana kwamba kumtegemea Mungu ni kukaa kitako na kungoja. Mwezi wa Februari 2025, vita vilipofika hapa na uwanja wa ndege ukatwaliwa, watu waliopoteza mbuzi, mbegu na bidhaa za duka waliambiwa, kwa nia njema, wawe kama ndege. Nao walikuwa na haki ya kuuliza: ndege yupi, na anaishije?

Swali hilo lina jawabu, na jawabu lake halimo vitabuni peke yake. Ni kweli tumejaaliwa kuishi ubavuni mwa msitu wa Kahuzi-Biega, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, ambamo wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 300 za ndege. Na pale Lwiro, mwendo mfupi kutoka kwetu, iko taasisi ya utafiti ambayo asili yake ni ya mwaka 1947. Lakini mwenye kutaka kutafakari hana haja ya safari. Parseli yenye mparachichi mmoja, migomba michache na ua wa miti inamtosha, almuradi ajifunze kumpambanua aliye mbele yake, kwa maana macho yasiyopambanua huona ndege tu, na ndege tu hana la kumfundisha mtu.

Upambanuzi huu una adabu yake. Rangi ndiyo imvutayo mwanafunzi kwanza, nayo ndiyo imdanganyayo zaidi, kwa sababu dume na jike wa aina moja huweza kuvaa mavazi mawili yasiyofanana hata kidogo. Heri kuanza na mdomo: ulio mfupi na mnene ni wa mla nafaka, ulio mwembamba na kupinda ni wa chozi, anyonyaye utamu wa maua. Kisha mwendo na mkia: yule mweupe na mweusi atembeaye juu ya mabati huku mkia wake ukipanda na kushuka, hakuna wa kumchanganya naye, na kuzumburu, mwenye rangi ya vumbi na mkia mrefu kupita kiasi, huparamia matawi kama panya. Kisha sauti, ambayo kwayo hutambulikana hata wale wajifichao. Kurumbiza huonekana kwa shida, lakini kabla ya mapambazuko huanza kwa sauti ya chini, akairudia ibara ile ile na kuipandisha kidogo kidogo, mara nyingi dume na jike wakipokezana, hata mtu aliyelala akaamka bila ya kukasirika. Na juu ya yote kuna kiota: chozi hufuma kifuko cha majani makavu na utando wa buibui, kikaning'inia tawini na mlango wake ubavuni, kuzumburu hutandika bakuli lisilo na paa, na mnana husuka tufe la nyasi lenye mlango upande wa chini. Mtu akishajua hayo, hata mti uliohamwa na ndege wake wote humsomea habari za waliokaa humo.

Mnana ndiye ninayetaka kukaa naye zaidi: yule wa manjano, mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu, ajengaye kwa jamaa kubwa, viota makumi juu ya mti mmoja, kwa makelele yanayowaudhi majirani. Mtazame dume mmoja tu. Huenda kwenye matete, akauma ukingo wa jani, akaruka nao, na kwa nguvu ya kuruka kwake uzi mrefu wa kijani ukachanika. Akarudi, akaufunga kitawini kwa mdomo akisaidiwa na miguu, akaleta wa pili na wa kumi, hata ikapatikana pete ambayo yeye mwenyewe husimama ndani yake. Na kwa kuwa kipimo cha kazi yote ni mwili wake uliosimama pale peteni, akifika kadiri ya mdomo unavyoweza kufika, ukuta hutokea wa mviringo pasipo kipimo kingine. Kiota kikiwa tayari, hujining'iniza mlangoni kichwa chini, akapiga mbawa na kupaza sauti, akimwalika jike apitaye. Jike huingia, akavutavuta nyuzi kwa mdomo wake, na mara nyingi huondoka zake. Siku zikipita, majani yakageuka rangi ya kahawia, na asipatikane aliyeridhika, dume hukifumua kiota chake mwenyewe, uzi baada ya uzi, akaanza upya mahali pale pale kwa majani mabichi.

Huyu, basi, ndiye ndege asiyelima! Kweli halimi, lakini nani katika kijiji chetu anayetoka asubuhi na mapema kuliko yeye, na nani ambaye kazi yake imekataliwa mara nyingi kiasi hicho? Yule ndege wa hadithi hakushiba kiotani. Alitoka, na kutoka huko ndiko kunakosahauliwa na wenye kuisimulia. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu cha tawakali kilichomo ndani ya Ihya yake, amemnyima jina la mwenye kumtegemea Mungu mtu aliyewekewa chakula mbele yake akaukunja mkono akingoja shibe imjie pasipo kula. Mtu huyo, kwa maneno mengine, amejahili desturi ambayo Mungu ameiendeshea dunia, kisha ujahili wake akauita imani. Mimi naongeza ninaloliona mtini. Sidai kuyajua yaliyomo moyoni mwa mnana; nasema tu lionekanalo, kwamba kiota kilichokataliwa hakimzuii kusuka kingine. Jitihada yake ni kamili, na matokeo hayamo mkononi mwake, na mambo haya mawili yanakaa ndani ya kiumbe kimoja pasipo ugomvi. Mama aliyerejea kutoka mafichoni akakuta maharagwe yake yamevunwa na wengine, akaazima mbegu kwa shemeji yake na kupanda tena kabla ya mvua kukatika, amefanya kazi ya mnana, na haimfai tena kuambiwa awe kama ndege.

Walakini atazamaye kwa muda mrefu hatakosa kufikia mahali ambapo furaha yake inaingia uchungu, na ningekuwa mdanganyifu kama ningepita hapo kimya. Majira ya mvua husikika kekeo, ndege mdogo wa kijani king'aacho na mabaka meupe, asiyejenga kiota chochote. Jike lake hungoja minana waondoke, akaingia, akataga yai moja linalofanana na yao. Na kinda lake likianguliwa, bado uchi na halijafumbua macho, huyasukuma mayai au makinda ya wenyeji hata yakaanguka nje, kisha likalishwa peke yake na mama asiye wake. Iko wapi rehema hapa?

Jawabu nililo nalo ni nusu ya jawabu, nami nalitoa hivyo hivyo. Ukiyachunguza mayai ya minana utastaajabu: jike mmoja hutaga meupe matupu, wa pili ya buluu iliyoingia kijani, wa tatu yenye madoa, na kila mmoja hutaga ya namna yake maisha yake yote, apate kulitambua lililo geni na kulitupa. Minana waliopelekwa kisiwani Mauritius mwaka 1886, ambako hakuna kekeo wa kuwavamia, wamekuja kupoteza sehemu ya tofauti hizo katika mayai yao, kama alivyodhihirisha mtaalamu wa Marekani David Lahti mwaka 2005. Basi wingi ule wa rangi umetokana na uadui, na ulinzi umo katika jambo ambalo sisi tulilidhani ni pambo. Sisemi kwamba uzuri wa yai ni fidia ya kinda lililoanguka, maana kinda lile halikupata kuuona. Nasema kwamba Ayubu naye, alipodai hoja kwa Mola wake, hakupewa hoja. Alionyeshwa wanyama mmoja mmoja, wakiwamo mbuni ayaachaye mayai yake mchangani na tai ambaye makinda yake hunywa damu, akatakiwa awatazame kama walivyo. Mhubiri aliyeondoa kekeo katika mahubiri yake amemwondolea msikilizaji ndege wa kweli akambakishia picha, nayo picha haiwezi kumfariji mtu aliyefiwa.

Kutojua nako kuna dhuluma yake, na hapa kwetu bundi ndiye aijuaye zaidi. Alexandre Prigogine, ndugu yake Ilya Prigogine aliyepewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977, alikusanya ndege wa milima hii ya Kivu kwa miaka mingi. Na mwaka 1951, huko Itombwe kusini mwetu, akapatikana bundi ambaye sasa huitwa kwa jina lake, na hakushikwa mwingine wa aina ile hadi mwaka 1996. Wataalamu walimngojea bundi mmoja kwa miaka 45, na sisi humpiga mawe yule ajaye darini kutuulia panya, kwa kuwa tumeambiwa ni mjumbe wa wachawi. Mtu amwogopaye Mungu hana ruhusa ya kumwogopa bundi hivyo.

Kuna jambo moja katika tabia ya mnana ambalo mawaidha hayalitaji: hupenda kujenga karibu na nyumba za watu. Mwewe na nyoka hawapazoei mahali penye watoto, mbwa na moshi wa jiko, na mnana hutegemea hilo. Maana yake ni nzito. Katika zile sababu ambazo kwazo Mungu humlinda ndege, sisi wenyewe tumo. Tulidhani yeye ni mfano uliowekwa mbele yetu tufaidike nao, kumbe kabla ya hapo sisi tulikuwa sehemu ya riziki yake, na mparachichi uliomo katika parseli yangu, ambao hati yake ina jina langu, una haki ya mwingine juu yake. Torati imelisema hilo kwa sheria fupi sana: atakayekuta kiota njiani asimtwae mama pamoja na wanawe, na ahadi iliyofungamanishwa na amri hii ndogo ni maisha marefu, ile ile waliyoahidiwa wanaowaheshimu baba na mama. Musa bin Maimun, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyeandika kwa Kiarabu na kufariki Misri mwaka 1204, alieleza kwamba mapenzi ya mama kwa mtoto hayakutokana na akili, na kwa hiyo uchungu wa mnyama kwa mwanawe hauna tofauti na wa binadamu. Na Abu Daud ameipokea habari ya masahaba waliotwaa makinda mawili safarini, mama yao akaja akitandaza mbawa juu yao, na Mtume alipomwona akaamrisha arudishiwe wanawe. Tena, hapana dini katika hizi iliyomkataza mkulima kumfukuza ndege katika mtama wake. Mimi nawaunga mkono wenye mashamba katika hilo. Lakini shamba ni mahali pa kugombea chakula, na kiota ni mahali pa mtoto, na manati ya mwanangu nayaruhusu kule na kuyakataza hapa. Tawi likihitaji kukatwa, lingoje makinda yaruke.

Limebaki suala ambalo vijana huniuliza, na si la mzaha: mtu akiona kinda la kekeo kiotani mwa mnana, amtoe? Nami nasema aachwe. Yule amlishaye amekuwa mama yake kwa kazi, na sheria ya kiota haikuuliza nasaba. Amana niliyopewa ni ya mti, haikunifanya kadhi kati ya waliomo mtini. Na kwa anayetaka hoja ya manufaa, kekeo mkubwa hula viwavi wenye manyoya, ambao ndege wengi huwaacha, nao ndio wanaomaliza majani ya bustani zetu.