Je, Mwuguzi Anayeuliza Mshahara Ana Tamaa?

Swali hili huulizwa katika vijiji vingi, wala majibu hayafanani. Binti wa kijiji amemaliza masomo ya uuguzi. Wazazi wake waliuza mbuzi na mihogo ili kulipa karo. Sasa ameitwa kufanya kazi katika kituo cha afya. Kabla ya kutia sahihi, anamwuliza msimamizi: «Baba, mshahara wangu utakuwa kiasi gani, nao utalipwa siku gani?» Mara watu wananong'ona: «Tazameni, hajamshika hata mgonjwa mmoja, naye anataja fedha. Kuuguza ni kazi ya huruma, na mwenye huruma haulizi bei.»

Maneno hayo yana sura ya wema, na kwa sababu hiyo huwadanganya wengi. Yafaa yapimwe polepole.

Kwanza, mambo mawili yatengwe. Tamaa ni kutaka kitu kisicho haki ya mtu, au kukitafuta kwa kumwumiza mwenzake. Kupatana ni kusema wazi, kabla ya kazi, kila upande utatoa nini na utapokea nini. Mwenye mtumbwi hufanya hivyo kila siku. Abiria akiwa bado ukingoni, husemezana naye juu ya nauli. Bei ikimshinda, abiria aweza kungoja au kumtafuta mwingine. Hakuna amwitaye mwenye mtumbwi huyo mtu wa tamaa. Lakini yuko mwingine anayenyamaza ukingoni. Kisha katikati ya mto, maji yanapovuta kwa nguvu, anaacha kupiga kasia na kudai fedha zaidi. Huyo watu wote humwita mnyang'anyi. Mto ni ule ule, na labda hata fedha ni ile ile. Tofauti ni hii: ukingoni abiria alikuwa mtu huru, na katikati ya mto hana uhuru tena.

Basi, mgonjwa ni abiria wa katikati ya mto. Mama aliyeshikwa na utungu usiku, mtoto mwenye degedege la malaria, mzee asiyeweza kuketi: hao hawawezi kurudi ukingoni wala kubishana juu ya bei. Watatoa chochote watakachoambiwa, hata kama ni kuku wa mwisho au jembe la nyumbani.

Jambo hili si la mawazo tu. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wako wauguzi wengi wanaofanya kazi miaka mingi bila kupata mshahara wa Serikali. Wengine hupata posho tu, nayo huchelewa. Wengi hutegemea sehemu ya fedha ambazo wagonjwa wenyewe hulipa kituoni. Mwuguzi akianza kazi bila kujua atakula nini, majaribu hayakawii kufika. Ataanza kuuza dawa kwa siri, au kumwambia mgonjwa maskini angoje, ili mwenye fedha ya pembeni apite mbele. Methali isemayo kwamba mkono mtupu haulambwi itakuwa sheria ya kituo. Mapatano yasiyofanyika mezani kwa msimamizi hufanyika kitandani kwa mgonjwa, tena kwa siri na kwa machozi. Kwa hiyo anayemkataza mwuguzi kuuliza mshahara wake mapema hajaifuta bei hata kidogo. Ameihamisha tu, akamtwisha aliye dhaifu kuliko wote.

Wengine watajibu kwamba Yohane Mbatizaji aliwaonya askari watosheke na mshahara wao. Ni kweli, Injili ya Luka yasimulia hivyo. Lakini katika shauri lile lile aliwakataza kuwanyang'anya watu kwa nguvu. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja: askari aliyetosheka na mshahara wake hana sababu ya kumvua maskini. Tena mtu hawezi kutosheka na mshahara asioujua.

Kitabu cha Tobiti chaonyesha jambo hilo kwa uzuri zaidi. Mzee Tobiti, aliye kipofu, alitaka mtu wa kumsindikiza mwanawe katika safari ya mbali. Akaja Rafaeli, malaika, naye Tobiti hakumjua. Mzee hakumwambia aende bure kwa kuwa ni kazi njema. Alimtajia ujira wa drakma moja kila siku pamoja na matumizi ya njiani, akaahidi kuongeza kitu wakirudi salama. Rafaeli, ambaye jina lake maana yake ni «Mungu anaponya», hakukasirika kusikia habari ya ujira, akakubali. Waliporudi, walitaka kumpa nusu ya mali yote waliyoileta. Hapo yafaa kutazama utaratibu wa mambo: ujira ulipatanwa kwanza, zawadi ikafuata. Zawadi haikutwaa mahali pa haki.

Upande wa mwenye kuajiri nao una sharti zito. Mwaka 1891 Papa Leo XIII aliandika barua kuu juu ya hali ya wafanyakazi. Alifundisha kwamba haitoshi kusema: «Amekubali mwenyewe.» Mtu mwenye njaa hukubali hata malipo yasiyoweza kumlisha, kwa kuogopa baya zaidi, kukubali kwa namna hiyo ni kushurutishwa, nako kunavunja haki. Msimamizi anayemwambia mwuguzi kwamba kazi yake ni wito, kisha kwa neno hilo akampunguzia mshahara, ameufanya wito kuwa kamba ya kumfungia mtu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mwuguzi naye hununua unga na sabuni, hulipa nyumba, husomesha wadogo zake. Huruma yake haipokelewi sokoni badala ya fedha.

Lakini haki haina upande mmoja. Mwaka 1931 Papa Pio XI alikumbusha kwamba mshahara wafaa umtosheleze mfanyakazi na jamaa yake. Akaongeza kwamba hali ya kazi yenyewe itazamwe pia, maana si haki kudai malipo yatakayoiangusha. Kituo kidogo cha kijiji, chenye vitanda sita na wagonjwa wanaolipa kwa shida, hakiwezi kulipa sawasawa na hospitali kubwa ya mji. Mwuguzi mwenye dhamiri huuliza kwanza wenye cheti kama chake hulipwa kiasi gani mahali pale, kisha hutaja kiasi chenye kiasi. Hasemi uongo kwamba ameitwa mahali pengine kama hakuitwa, wala haongezi miaka ya kazi asiyoifanya. Uongo wa mezani huenda naye mpaka wodini.

Fedha ikiwa haba, mazungumzo hayaishi. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 hutenga mshahara wenyewe na mambo mengine, kama nyumba, matibabu, nauli na posho ya watoto. Kwa hiyo kila jambo laweza kuulizwa peke yake. Je, kuna nyumba karibu na kituo? Zamu za usiku ni ngapi kwa juma, na ni nani atakayeitwa saa nane za usiku mama mzazi akifika? Sehemu ya fedha za wagonjwa hugawanywa namna gani, na ni nani anayeandika hesabu? Je, mshahara utatazamwa upya baada ya miezi sita? Hayo yote yaandikwe, na kila upande ushike karatasi yake. Wala asione haya kuuliza siku ya kwanza, maana mshahara wa mwanzo ni kama msingi wa nyumba: nyongeza za baadaye hujengwa juu yake.

Na ikiwa baada ya hayo yote malipo hayawezi kumlisha? Aweza kukataa kwa heshima na kwenda mahali pengine. Hapo bado yuko ukingoni, naye hamtendei mtu dhambi. Lakini akiisha kukubali, ahadi ni deni. Mshahara ukichelewa, adai kwa msimamizi, kwa wakubwa wa kazi, kwa njia zote zilizo halali, hata pamoja na wenzake. Kumwacha aliye katika hatari ya kufa ili kumlazimisha msimamizi alipe, hilo si ruhusa kamwe. Mgonjwa hakuandika mkataba ule, na maisha yake hayawezi kuwa rehani ya deni la mwingine.

Basi, je, huruma haina nafasi tena? Inayo, tena kubwa. Mwuguzi aliyepatana vizuri aweza kubaki saa moja zaidi karibu na mtoto asiyepata usingizi, aweza kumletea uji mzee asiye na ndugu. Hayo hayamo katika karatasi, wala hakuna awezaye kumdai. Kwa sababu hakuna awezaye kumdai, hayo ni zawadi kweli. Aliyenyimwa haki yake hana uhuru wa kutoa, maana kila atoacho kimekwisha kutwaliwa.

Kwa hiyo wazazi wenye binti au mwana aliyesomea uuguzi wasimfundishe kunyamaza mbele ya msimamizi. Wamfundishe kusema kweli, kwa sauti ya upole, mapema, mahali penye mwanga, ili baadaye asimame mbele ya mgonjwa maskini bila kumtazama mikononi.