Utamu na Kipimo Chake



Mtu wa Pwani akifika Birongo, katika nchi ya milima ya Wakisii, huona watu wakitafuna muwa kando ya njia na watoto wakila ndizi mbivu, wala haoni halua, kaimati wala visheti. Huenda akasema moyoni, "Hawa hawajui vitu vitamu." Naye Mkisii akifika Mombasa mwezi wa Ramadhani, akaliona sinia la futari, huenda akasema, "Hawa watajiua kwa sukari." Ni yupi aliyenena haki?

Tutazame kwa insafu. Muwa hutafunwa kwa taabu. Meno huchoka kabla ulimi haujakinai. Na wazee wetu wa Pwani waliinywa kahawa chungu, kwa kikombe kidogo, kikaandamana nayo kipande cha halua au kashata cha kukata ule uchungu. Kila nchi ilikuwa na utamu wake, na kila utamu ulikuwa na kipimo chake. Basi kuhitilafiana kwa ada si aibu.

Aibu ni kukitupa kipimo. Leo chai ya maziwa ya Birongo na chai ya Mombasa zote hukorogwa sukari tele, na soda imefika madukani kote kuwili. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji isipite sehemu moja katika kumi ya nguvu anazozipata mtu katika chakula chake. Nayo ni kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko vidogo 12. Chupa moja ya soda ya mililita 300 aghalabu ina gramu 30 au zaidi. Na ugonjwa wa kisukari hauulizi kabila.

Hapa ndipo penye mas-ala. Mgeni akija, twamtilia sukari pasi na kumuuliza. Akikataa, twaona ametudharau. Naye kwa haya hunywa kinachomdhuru. Je, huo ni ukarimu? Ukarimu ni kumtakia mgeni kheri. Amlazimishaye mgonjwa kunywa ameikirimu sifa yake mwenyewe, hakumkirimu mgeni. Na israfu tuliyokatazwa haimo katika fedha tu. Yaweza kuwamo hata katika kijiko.

Basi na tuweke bakuli la sukari mbele ya mgeni, ajitilie mwenyewe. Na akisema, "Yanitosha," tusikasirike.

Wabillahi tawfiq.