Kutembea kwa nani?

Ukiwa Bunia ukasema unatoka kutembea, utaulizwa: kwa nani? Si umbea. Kutembea kwetu lazima kuishie kwenye mlango wa mtu: shemeji aliyejifungua, rafiki aliyefiwa, mgonjwa aliyelazwa Nyankunde, au yule aliyekopa akanyamaza. Kutalii ni neno la redio. Ndiyo maana mama mkubwa, ambaye hakuwa amemaliza hata majuma mawili tangu arudi kutoka Uganda, alipotangaza mezani kwamba Jumamosi anataka kukodi gari atembee hadi Bogoro na mbele kidogo, tulimuuliza sote kwa mpigo.

"Si kwa mtu," akasema. "Nataka kutazama."

"Kutazama nini, mama?"

"Vilima. Na ziwa, nikiwa juu."

Kaka yangu alidhani kuna shamba la ukoo linalotafutiwa mnunuzi kimyakimya. Jirani yetu, mwanamke mwema sana, alishauri tumpeleke kwanza akapimwe presha. Mimi nilinyamaza. Nimeishi mji huu miaka hamsini kasoro, na nilipojikagua nikaona sijawahi hata siku moja kutoka nje yake bila sababu inayoandikika kwenye karatasi. Nimevipita vilima vya jimbo letu la Ituri nikienda kufundisha, nikienda kuzika, nikisindikiza gunia la maharagi, na mara mbili nikikimbia. Kuvitazama, hapana.

Kwa wenzetu kazi ya kutembeza watazamaji ina wenyewe. Unguja mgeni huchukuliwa hotelini asubuhi akapelekwa mashambani kuonjeshwa mdalasini na karafuu. Arusha anachagua mwenyewe njia, saa ya kula na mahali pa kupiga picha, na hulipa zaidi ili asichanganywe na wageni wengine, gari na dereva wawe wake kutwa nzima. Bunia sikujua nibishe mlango gani kwa huduma ya namna hiyo. Nilikwenda kwa kijana anayeteremsha abiria Kasenyi, kule ziwani, na kupandisha samaki. Ana Toyota ndogo, usukani kulia kama magari mengi yanayotufikia kupitia Uganda, na ndani yake mna harufu ambayo sabuni imeshindwa nayo. Tukapatana dola 70, mafuta humo humo.

Nilitarajia aniulize tunataka kuona nini. Aliuliza kitu kingine: "Mwalimu, kuna mahali mama hataki kupita?"

Swali hilo bado ninatembea nalo. Matangazo ya utalii huanza na kile unachotamani. Kijana huyu hakusomea utalii popote, lakini amebeba watu wa Ituri kwa miaka, na anajua kwamba kipande kilekile cha njia kwa huyu ni njia, kwa yule ni kaburi. Aliniambia ana abiria ambaye kila wakikaribia daraja fulani hufumba macho, na mwingine humwomba apige honi. Yeye haulizi sababu. Anapiga honi. Fundi mzuri wa nguo huanza kwa kupima bega, hasa lile lililoshuka, ndipo ashike mkasi. Nilipeleka swali nyumbani. Mama mkubwa akalifikiria, kisha akasema: "Mwambie apite kote. Ila asikimbize."

Barabara hiyo alikuwa ameipita mara moja tu kwa miguu, katika miaka ile ya vita, akiteremka ziwani na kundi la watu asiowajua. "Nilikuwa naangalia visigino vya aliyenitangulia," alituambia. "Ukiniuliza njia ile ina miti gani, sijui. Visigino navijua mpaka leo." Alivuka kwa mtumbwi, akafikia Kyangwali, makazi ya wakimbizi upande wa Uganda, na huko akakaa zaidi ya miaka 20. Upande ule nao ardhi imeinuka kabla ya kuanguka ziwani, na hewa ikiwa safi, ukisimama ukingoni unaona ng'ambo mstari wa bluu. Huo mstari ndio uliokuwa nchi yake. Watoto waliozaliwa kambini walionyeshwa kwa kidole: kwetu ni pale penye bluu.

Mwingereza Samuel Baker naye alituona hivyo hivyo, kutoka upande uleule. Tarehe 14 Machi 1864 alifika ukingo wa mashariki, akatupa macho magharibi akaona milima ya bluu, akalipa ziwa jina la Albert, mume wa malkia wake, aliyekuwa amekwisha kufa. Watu wa mwambao ule walikuwa na jina lao, Mwitanzige, muua nzige. Enzi za Zaire likaitwa Mobutu Sese Seko, kisha Mobutu akaondoka na Albert akarudi kana kwamba alikuwa amekwenda haja tu. Milima yetu nayo, kwenye ramani za Kifaransa, hadi leo ni Monts Bleus. Nimekulia juu yake. Ina majani, udongo mwekundu, mihogo, migomba na kinyesi cha ng'ombe. Bluu anaiona aliye ng'ambo.

Basi Jumamosi tukaondoka saa moja asubuhi, mama mkubwa kiti cha mbele, mimi nyuma na thermosi ya chai, maandazi, na sombe ambayo hakuna aliyeniomba niibebe. Ilikuwa Januari, kiangazi, vumbi limekaa juu ya majani kama unga. Kijana aliendesha polepole kweli, hata pikipiki zilizobeba watu watatu na kuku zikatupita zikicheka.

Kwenye bariere ya kwanza askari aliuliza mission yetu. Sikumlaumu, tangu Mei 2021 Ituri iko chini ya état de siège, jeshi ndilo linaloongoza, na gari lenye bibi wa miaka sabini lisilo na mzigo wala jeneza linatia shaka. Dereva akasema, "Mama anatembea." Askari akauliza, mnajua aliuliza nini. Mama mkubwa akateremsha kioo: "Mwanangu, mimi natazama vilima." Yule kijana mwenye bunduki alivigeukia vilima, akavichungulia kwa bidii, nadhani akitafuta kilichotokea huko. Kisha akatuomba maandazi. Tulimpa mawili, naye akatupa njia. Nimelipa ada mbaya zaidi ya hiyo.

Bogoro iko kama kilomita 25 kutoka mjini. Kwa wengi nje ya Ituri jina hilo ni faili. Alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003 kijiji kilishambuliwa, na mambo yaliyofuata yalifika hadi La Haye, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Mshtakiwa mmoja, Mathieu Ngudjolo, aliachiwa huru mwaka 2012. Mwenzake, Germain Katanga, alipatikana na hatia mwaka 2014, akahukumiwa kifungo cha miaka 12. Mwaka 2017 majaji wakaamuru waathirika 297 wapewe dola 250 kila mmoja, fidia ya ishara kama wenyewe walivyoiita, pamoja na msaada wa jumla wa makazi, kipato, elimu na tiba ya kisaikolojia.

Katika habari hiyo yote kuna jambo dogo ambalo hunirudia kuliko hukumu yenyewe. Kesi ilianza Novemba 2009. Majaji, wakiongozwa na Mfaransa Bruno Cotte, walikaa miaka miwili wakisikiliza mashahidi wakisema kilima hiki, shule ile, kichaka kile. Januari 2012 wakafunga mabegi wakaja. Walipelekwa Bogoro na vijiji vingine wakaona kwa macho yao: kutoka hapa hadi pale ni mbali kiasi gani, mtu aliyesimama huku angeweza kuona kule? Ikiwa watu wenye makabati ya karatasi na wataalamu wa ramani waliona hawawezi kusema neno juu ya nchi hii bila kuja kuitazama, sioni kwa nini sisi wenyewe tuone haya kuitazama. Tumekubali kuwa watu wa kusimuliwa kwetu. Nasema hivyo nikijua pia kwamba kutazama kwa utulivu kunataka tumbo lililoshiba na usiku wa kulala. Kigonze, pale pale Bunia, kuna kambi yenye watu ambao vijiji vyao haviko mbali, na hakuna dola 70 zitakazowafikisha.

Tulipoingia Bogoro dereva alipunguza mwendo, akazima redio. Njia nzima alikuwa akisimulia: huyu ana ng'ombe wengi lakini bahili, hapa lori lilipinduka na soda zote zikanywewa na watoto wa shule. Hapo hakusema neno. Mwongozaji aliyezoea wageni angeanza kueleza, angeonyesha kwa mkono, angetaja idadi. Huyu aliacha kijiji kipite dirishani kama kijiji: mwanamke anaanika mihogo, vijana wanatengeneza tairi, mtoto analia kwa sababu za kitoto. Mama mkubwa alitazama kulia, akatazama kushoto. Aliomba chai.

Mbele ya hapo uwanda unakatika. Bunia iko kwenye mita 1,200 na ushee juu ya usawa wa bahari, ziwa liko kwenye 600 na kitu, na tofauti hiyo barabara huimaliza kwa kujipindapinda ukingoni mwa Bonde la Ufa. Tuliegesha kwenye boma la watu, kwa kuwa ndilo lililokuwa na kivuli. Mtoto mwenye mbuzi akatuwahi.

"Munatafuta nani?"

"Hatutafuti mtu," mama mkubwa akamjibu. "Tunaomba kutazama chini."

Mwenye nyumba alitoka akifuta mikono kwenye kitenge. Nilijiandaa kueleza. Haikuhitajika. Alileta viti viwili vya plastiki, akavipanga vikielekea barabarani, kama viti vyote vya Ituri vinavyopangwa, maana barabarani ndiko watu hutokea na hatari pia hutokea huko. Mama mkubwa akainuka, akakigeuza chake kiipe barabara mgongo. Mwenye nyumba akamwangalia, akacheka kidogo, akakigeuza na cha pili.

Na hapo, ndugu msomaji, tulitazama moshi. Januari ni mwezi wa kuchoma majani, pande zote mbili za ziwa, na hewa ilikuwa nyeupe kama maji ya mchele. Chini kabisa kulionekana utepe wa kitu kinachong'aa, labda maji, labda mabati ya Kasenyi. Uganda haikuwapo. Nilikuwa nimelipia gari, bariere na kutwa nzima ya Jumamosi, na nchi ikatufungia pazia. Nilianza kumwombea radhi mama mkubwa kana kwamba moshi ni wangu.

Hakunisikia. Alikaa karibu saa mbili. Mwenye nyumba alimenya mihogo kando yake, wakaongea kidogo, zaidi juu ya watoto na bei ya sabuni. Mimi nilikuwa naangalia saa. Dereva alikuwa anaangalia jua, kwa sababu kuna saa ambayo ikipita hupaswi kuwa njiani. Hatimaye mama mkubwa alinyoosha kidole, si ziwani, bali kwenye mteremko chini ya miguu yetu, pale njia ya zamani ya miguu inapokatiza.

"Kumbe kuna mikaratusi," akasema.

Labda haikuwapo alipopita. Sikusema.

Sombe iliishia mikononi mwa mwenye nyumba, nasi tukapewa mihogo mibichi. Kurudi tulikuta magunia ya makala yamepangwa kando ya njia. Huku kwetu makala ni mkaa. Nikiwaambia wanafunzi kwamba naandika makala, huniuliza gunia ni bei gani. Tulinunua moja, na kwenye bariere ile ile gari letu safari hii halikuleta shaka yoyote. Lilikuwa na mzigo.

Mjini, dereva alitufikisha hadi mlangoni. Mama mkubwa hakushuka mara moja. Alimuuliza moshi huondoka lini. Mvua za Machi zikishaanza, kijana akajibu, kuna asubuhi ambazo Uganda inakaa karibu mpaka unataka kuisalimu. Mama mkubwa akasema basi asubuhi ya namna hiyo amwite, hata ikiwa katikati ya juma. Kijana alitoa kwenye dashibodi kidaftari chake cha oda, kilicholowa mafuta ya samaki, na chini ya gunia mbili za mteja mmoja wa sokoni na beseni tatu za mwingine akaandika kwa herufi kubwa: MAMA – ZIWA.