Anayesoma kwa Kusitasita

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Nazungumza na yule aliyefika chuo kikuu bila kujua kusoma Qur'ani, na sasa anaona haya kukaa madrasa pamoja na watoto wa miaka saba. Namfahamu vizuri, kwani mimi nilianza alifu na be nikiwa na miaka 21, na hadi leo nasoma kwa kusitasita.

Ulimi wa mtu mzima umeshazoea njia zake. Sisi tuliokua na Kiganda hutamka "r" baada ya "e" na "i", na kwingine "l". Kutenganisha herufi ra na lam ni kazi. Kisha kuna qaf na kaf: qalb ni moyo, kalb ni mbwa. Mtoto huiga mara moja, mkubwa huchukua miezi. Hapo ndipo shetani hunong'ona: "Umechelewa. Tosheka na tafsiri."

Tumjibu kwa dini yetu. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimweka msomaji hodari pamoja na malaika watukufu, na yule asomaye kwa taabu akamwahidi ujira mara mbili. Taabu yako, basi, imeandikiwa ujira wake.

Tena, Qur'ani yenyewe iliteremshwa kidogo kidogo kwa takriban miaka 23. Makafiri walipouliza kwa nini haikushuka yote kwa pamoja, Surat al-Furqan ilijibu kuwa ni ili moyo wa Mtume uthibitike. Wahyi wa kwanza ulimjia akiwa na miaka 40, na Masahaba wengi walijifunza wakiwa watu wazima.

Msahafu wa Madina una kurasa 604. Ukisoma nusu ukurasa kila siku baada ya Alfajiri, mbele ya mwalimu, utahitimu kwa siku 1,208, yaani miaka mitatu na miezi michache. Muda huo utapita tu, usome usisome.

Ewe Mola wetu, zilainishe ndimi zetu, utupe subira, na uijaalie Qur'ani iwe shahidi wetu, si shahidi dhidi yetu. Amin.