Kinachojiuza na Kinachojitembeza

Anayeshuka stendi ya Rongo akitokea Kisii hupokewa na kelele kabla ya kupokewa na mtu. Gari lenye spika juu linatangaza dawa ya panya. Hatua chache mbele, mhubiri amesimama juani na kipaza sauti chake, kila sentensi anaifunga kwa haleluya, na kijana wake anapita na kikapu. Kati ya hao wawili, siku niliyokuwa pale, aliketi mama mmoja juu ya gunia lililokunjwa. Mbele yake palikuwa na beseni la njugu karanga na gorogoro limefudikizwa juu. Hakuniita. Nilipoinama mwenyewe, alichota njugu kidogo, akazisugua viganjani, akapuliza maganda yakaruka, akanimiminia mkononi. "Onja kwanza, mwanangu."

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tumeisikia mara nyingi hadi tumeacha kuisikiliza. Itazame tena. Kiambishi "ji" kimo pande zote mbili: chema kinajishughulikia chenyewe, na kibaya vilevile. Tofauti imekaa kwenye vitenzi. Kutembeza ni kazi ya mchuuzi anayebeba mali begani na kufuata watu mlango kwa mlango kwa kuwa hakuna aliyemfuata yeye. Chema hakitembei. Kimetulia pale kilipo, wazi, na mwenye haja anakuja kukigusa. Tena tazama wakati uliotumika, ule wa "a" usiotaja jana wala kesho. Wahenga hawakuwa wanasimulia tukio la siku moja. Walikuwa wanaeleza tabia ya vitu.

Nami naamini wangekubali tuichukue kutoka sokoni tuipeleke kanisani, hasa katika nchi hii ya Kamagambo, ulipo mji wa Rongo, ambako soko na kanisa vinapakana. Waadventista walifika Gendia, kule upande wa Homa Bay, mwaka 1906, na baadaye wakaanzisha misheni hapa Kamagambo. Wakatoliki wana jimbo lao la Homa Bay, ambalo linafika hadi hapa kaunti ya Migori. Legio Maria, waliojitenga na Wakatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakiongozwa na Simeo Ondeto, wana mlima wao mtakatifu wa Got Kwer katika kaunti hii hii. Jumamosi na Jumapili, barabara hujaa waliovaa suti, waliovaa sare za kwaya, waliovaa kanzu za rangi na rozari shingoni.

Ni rahisi kuielekeza methali kwa huyo mwenye kanzu na kumwambia: wewe unajitembeza. Hilo nalikataa. Mkulima anayepanda matatu na kanzu yake, akavumilia macho na minong'ono mpaka mwisho wa safari, pengine amelipia imani yake kuliko mimi niliyekaa kando yake na shati la kawaida. Vazi ni ishara, na ishara haina kosa. Yesu mwenyewe, katika mahubiri yale ya mlimani, aliwaambia wafuasi wake waache nuru yao ionekane na watu. Kisha, kabla hajashuka mlimani, akawakataza kusali kwenye pembe za njia ili waonwe, na akataka sadaka itolewe kwa siri. Wako wanaoona hapo mgongano. Mimi naona jambo moja lililosemwa mara mbili. Taa haikuwashwa ili watu waitazame taa. Imewashwa ili waone njia, sahani, uso wa mgeni mlangoni. Taa inayotaka kutazamwa yenyewe inakuumiza macho, na huoni kitu kingine.

Lugha zilizotuletea maneno ya jambo hili la unafiki zililichungulia kutoka madirisha tofauti. Walioandika Injili kwa Kigiriki walimwita mnafiki kwa neno la lugha hiyo la mwigizaji wa jukwaani. Neno letu "mnafiki" limetoka Kiarabu, na wataalamu wa lugha hiyo hulihusisha na shimo la mnyama mdogo wa jangwani lenye milango miwili: ukimvizia huku, anatokea kule. Kiswahili cha Waislamu kina neno jingine tena, "ria", yaani ibada iliyofanywa ili watu waione. Mwigizaji anahitaji watazamaji. Mwenye milango miwili anahitaji giza. Ni magonjwa mawili, na hapa Rongo tumeyaona yote.

Nasema giza kwa sababu wako wanaodhani dawa ya kujionyesha ni kujificha. Aprili 2025, polisi waliingia katika boma la kanisa moja Opapo, si mbali na mji huu, wakawatoa watu zaidi ya 50 waliokuwa wakiishi humo, na ikagundulika kwamba watu wawili walikuwa wamezikwa ndani ya boma hilo. Methali haikusema kwamba chema hujificha. Kinajiuza, na cha kuuzwa lazima kiwe sokoni, beseni wazi, mnunuzi achukue punje atafune. Imani isiyokubali kuonjwa na jirani, ndugu na daktari haiwezi kudai kwamba ni nyofu kwa sababu tu haina spika.

Lakini ugonjwa wa mwigizaji ndio uliotuenea zaidi. Niliwahi kukaa katika harambee ya kanisa ambapo bahasha zilisomwa moja moja, jina na kiasi. Elfu kumi: makofi na kwaya. Elfu mbili: makofi. Ilipofikiwa bahasha ya shilingi 50, msomaji alilitaja jina haraka na kiasi akakimeza, nadhani kwa kumhurumia mwenye bahasha. Mzee aliyekuwa mbele yangu aliinamisha kichwa, akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Sote tulikuwa tumeshahubiriwa habari za mjane na sarafu zake mbili. Nami nilipiga makofi na wenzangu pale yalipopigwa, nikanyamaza pale waliponyamaza.

Hapo ndipo methali inaponisumbua. Je, ni kweli kwamba chema hujiuza? Waulize wakulima wa miwa wa hapa. Kwa miongo mingi wamelipwa kwa tani. Lori linapanda mizani ya kiwanda cha sukari kule Awendo, linapimwa, na utamu ulio ndani ya muwa hauulizwi, ingawa ndio utakaokuwa sukari. Wataalamu wamesema miaka nenda miaka rudi kwamba malipo yafuate utamu. Mizani ikiwa ya uzito tu, mkulima atalima uzito, na huwezi kumlaumu sana. Hivyo chema hujiuza pale tu mnunuzi anapojua kuonja. Mnunuzi wa makofi na elfu kumi atapata wauzaji wa kutosha kila Jumapili, na mwenye shilingi 50 atabaki na kiatu chake. Tumezoea kumlaumu mhubiri anayejitembeza. Ni nani aliyemzoeza kwamba akitulia hatutakuja?

Mnunuzi anaweza kukataa. Novemba 2024, Rais William Ruto alitoa shilingi milioni 2.6 katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, na kuahidi zaidi. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha hizo zirudishwe. Waumini wa huku wanamfahamu: alikuwa askofu wao wa Homa Bay tangu 2003 hadi 2018. Siwezi kusoma moyo wa aliyetoa, wala si kazi yangu. Nilichokiona ni kanisa lililosema hadharani kwamba mizani yake haipimi hicho. Nyumba ya padri iliyokuwa ijengwe kwa sehemu ya fedha zile ilikuwa bado inahitajika, na kukataa kwenyewe kulikuwa na gharama.

Mama wa njugu naye alikuwa na gharama zake. Nilipita tena pale jua likizama. Gari la dawa lilikuwa limeondoka, mhubiri anakunja waya wake. Beseni lilikuwa na njugu kiasi cha robo. Alizifunika kwa leso, akajitwika, na mteja wa mwisho alipomkimbilia njiani, alilishusha beseni lote chini, akafunua, akachota kidogo, akaanza kusugua.